Spika nzima, waya maiti

Katika nyumba nyingi tunazozifahamu ipo droo, au kopo la maziwa ya unga lililokwisha, au mfuko uliotundikwa msumarini, ambamo zimelundikana spika za masikioni zisizosikika tena. Hazitupwi kwa sababu zinaonekana nzima. Ganda halina ufa, vipira vya sikioni vipo, pini ingali inang'aa. Hazitumiki kwa sababu upande mmoja umenyamaza, au sauti huja pale tu waya unapokunjwa kwa namna fulani na kushikwa kwa kidole.

Sisi tulizimwaga zetu sakafuni mwezi uliopita tukazihesabu. Zilikuwa kumi na moja, zilizokusanyika kwa muda wa miaka mitatu hivi katika nyumba ya watu saba. Moja ilifuliwa ndani ya suruali. Nyingine ganda lake liliachana gundi likagawanyika vipande viwili kama ganda la korosho. Tisa zilizobaki ziliuawa na waya: saba ulikatika karibu na pini, mbili ulikatika pale unapoingia kwenye ganda. Hakuna hata moja ambayo spika yenyewe, yaani kile kijisumaku na kiwambo chake, ilichoka kwanza.

Huenda msomaji akauliza, ni kwa nini ukurasa wa familia ujishughulishe na kitu cha shilingi elfu nne au elfu tano. Jibu letu ni kwamba thamani ya kitu haipimwi kwa bei yake peke yake, bali kwa yule anayekitegemea. Mama yetu mzazi nuru ya macho imempungukia, na msahafu wa maandishi makubwa nao umekuwa mzito kwake. Kusoma kwake sasa ni kusikiliza. Baada ya Isha, wajukuu wakishalala, huvaa spika zake akasikiliza kisomo na darsa hadi usingizi umchukue. Spika zikifa usiku ule, hulala bila ya kitu hicho, na kwa kuwa ni mtu wa haya hamwambii mtu mpaka aulizwe. Vivyo hivyo, yumo kijana wa madrasa anayerudia aya moja mara ishirini ili asikie herufi inatokea wapi kinywani mwa msomaji. Mtoto huyo akisikia kwa sikio moja tu, huongeza sauti ili kufidia. Hapo pana madhara mengine: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Waya mbovu humsukuma mtoto kuuvuka mpaka huo bila ya mzazi kujua.

Tulimpelekea zile tisa kijana fundi wa simu wa mtaani petu. Alizikagua moja baada ya moja, akazigusisha kwenye kipimo chake, kisha akasema, "Ustadhi, spika hizi nzima. Maiti ni waya." Akachukua wembe, akauchana waya mmoja karibu na pini, akatuonyesha kilichomo.

Ndani ya ala ya plastiki tuliona nyuzi za shaba nyembamba kuliko unywele, zimefungwa mafungu mafungu: fungu jekundu, fungu la kijani, na fungu lenye rangi ya shaba yenyewe. Rangi hizo si pambo. Ni vanishi inayozuia fungu moja lisigusane na jingine, kwa kuwa ndani ya ala hiyo hakuna nafasi ya kuvika kila fungu plastiki yake. Katikati ya nyuzi hizo umepita uzi laini mfano wa nailoni, ambao kazi yake ni kubeba mvuto ili shaba isivutike. Vanishi hiyo ndiyo huwashinda wengi wanaojaribu kutengeneza nyumbani. Huunganisha waya, wakazungushia gundi ya karatasi, na sauti isitoke, kwani vanishi haipitishi umeme. Ni lazima iunguzwe kwanza kwa moto au kwa pasi ya kulehemu, ndipo risasi ishike.

Sasa ni kwa nini waya hukatika palepale daima? Chukua kijiko chepesi cha bati, ukikunje na kukikunjua mahali pamoja. Hakitakatika mara ya kwanza wala ya tano, lakini kitakatika, na kitakatika pale kilipokunjiwa. Shaba nayo ni hivyo. Pini ni ngumu na waya ni laini, basi kila simu inapoingia mfukoni na kutoka, mkunjo wote huangukia mpaka wa kigumu na kilaini. Fundi mwema wa kiwandani hulijua hilo, naye huweka pale shingo ya mpira yenye mikato mikato, inayopinda kidogo kidogo na kuugawa mkunjo katika urefu wa kidole badala ya kuuacha katika nukta moja. Tulipozitazama zile saba zetu, tano hazikuwa na shingo yoyote ya maana. Mbili zilikuwa nayo kwa sura tu: plastiki ngumu kama jiwe, isiyopinda hata kidogo, ambayo kazi yake ilikuwa kuuhamisha mpaka ule milimita kumi mbele.

Pini yenyewe ina asili ya mbali. Babu yake ni pini nene iliyotumiwa na wahudumu wa mitambo ya simu katika karne ya 19 kuunganisha mpigaji na mpigiwa. Ndugu yake mdogo wa milimita 3.5 alienea pamoja na redio ndogo za transista zilizobebwa mkononi, na ndiye tuliye naye hadi leo. Mwenye macho atazame vizingo vyeusi juu yake. Vikiwa viwili, pini ina sehemu tatu: sikio la kushoto, sikio la kulia, na njia ya pamoja ya kurejea. Vikiwa vitatu, imeongezwa sehemu ya nne kwa ajili ya maikrofoni. Sehemu hiyo ya nne ilipangwa kwa mitindo miwili isiyopatana, ndiyo maana wapo waliowahi kuchomeka spika mpya katika simu ya zamani wakasikia sauti ya msomaji imekwenda mbali kama iliyo kisimani. Spika hazikuwa mbovu, bali hazikuafikiana na simu.

Waya nao umebadilika mara nyingi katika miaka tunayoikumbuka. Zamani upande mmoja ulikuwa mfupi na mwingine mrefu, ule mrefu ukapitishwa nyuma ya shingo, na spika zikidondoka hubaki zimening'inia begani. Kisha ikashika mizani njia panda ya kifuani, pande mbili sawa. Ukaja waya bapa, tukaambiwa haujifungi mafundo. Ni kweli hujifunga kidogo, lakini hupiga kelele zaidi unapougua upepo au ukigusa kanzu, na mkwaruzo huo hupanda hadi sikioni. Ukaja waya uliofumwa kwa kitambaa, mzuri wa kutazama, ambao kitambaa chake huanza kufumuka kwenye njia panda. Na ukaja mtindo wa wanamuziki wa jukwaani wa kuupitisha waya juu ya sikio na kuushusha kwa nyuma. Huu una faida mbili za kweli: mkwaruzo hupungua, na mvuto wa waya huangukia sikio lenyewe badala ya kiungo cha ndani ya ganda.

Lakini badiliko kubwa kuliko yote ni la waya unaochomoka. Jambo hili lilikuwa la spika za ghali, kama zile za kampuni ya Shure ya Marekani wanazovaa watu wa jukwaani, ambazo waya ukifa hubadilishwa na spika zikaendelea na maisha. Makampuni ya China yaliliteremsha hadi bei ya chini. Kampuni ya KZ ilikuwa na modeli iitwayo ZST mwaka 2016, yenye vipini viwili vidogo vinavyoingia katika ganda. Mfano ulio wazi zaidi ni wa kampuni ya Moondrop. Mwaka 2022 ilitoa spika ziitwazo Chu kwa takriban dola 20: ganda la madini, kazi safi, sauti iliyosifiwa, lakini waya umegandishwa ndani. Wanunuzi walilalamika kwamba spika nzuri namna ile imefungwa maisha yake kwenye waya usiobadilishika. Mwaka uliofuata ikaja Chu II kwa bei ile ile, na waya wake unachomoka. Hapo tunajifunza kwamba kizuizi hakikuwa bei peke yake. Kiwanda kiliweza, pale mnunuzi alipojua la kudai.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tuseme upande wa pili. Kila kiungo kinachofunguka ni kiungo kinachoweza kulegea. Vile vipini viwili hupinda mtu akivichomeka kwa nguvu, na unene wake haufanani: vya milimita 0.75 na vya 0.78 vinakaribiana kiasi cha kumdanganya muuzaji mwenyewe, na kinene kikilazimishwa hutanua tundu la chembamba. Aina nyingine, ya kiungo cha duara kinachozunguka, huchakaa kwa kuzunguka kwake. Na waya wa akiba wenyewe si rahisi kuupata madukani petu.

Kisha pana suala la fedha. Dola 20 huitwa bei nafuu na walio mbali nasi, lakini kwetu hukaribia shilingi elfu hamsini. Kwa hesabu ya droo tunaweza kumwambia mtu kuwa spika kumi na moja za elfu nne na elfu tano zimekula fedha ile ile, na hesabu hiyo ni sahihi. Ila mwenye kipato cha kila siku hana elfu hamsini ya kutoa kwa mkupuo mmoja, ana elfu tano leo. Kumwambia rahisi ni ghali bila ya kumwonyesha njia ni kumsimanga. Na anayedhani kwamba zisizo na waya zimemaliza tatizo, akumbuke kuwa zina betri ndogo ambayo nayo huchoka, na kuibadilisha ni kazi ngumu kuliko kulehemu pini.

Njia ya wastani ipo, nayo ni kununua kwa macho na kutunza. Unaponunua, ikunje shingo ya mpira kwa kidole: ikipinda taratibu ni dalili njema, ikikataa au ikikunjika kama karatasi iache. Pini iliyopinda kwa pembe huvumilia mfuko kuliko iliyonyooka, hasa kwa anayeweka simu mfukoni. Tazama waya unapoingia kwenye ganda. Pawepo shingo pale pia, si tundu lenye gundi tu. Tazama mshono wa ganda kama umekaa sawa. Mwisho, omba kujaribu, na wakati wa kusikiliza utikise waya karibu na pini, kwenye njia panda, na kwenye kila sikio. Sauti ikikatika hata mara moja, usinunue.

Nyumbani, chomoa kwa kushika pini, usivute waya. Usiuzungushe kwenye simu kwa kuukaza. Uviringishe kwa duara legevu la vidole vitatu. Futa jasho, kwani chumvi yake hupenya na shaba hugeuka kijani ndani ya ala. Na ukigundua sauti inayumba, usingoje. Usipoziba ufa utajenga ukuta: waya unaoyumba bado una nyuzi chache zinazoshika, na fundi akikata vidole viwili vya waya na kuweka pini mpya, kazi imekwisha.

Ndivyo alivyofanya kijana yule. Kati ya zile tisa alizifufua sita, kwa ujira uliokuwa chini ya bei ya spika mpya mbili. Moja, yenye pini ya pembe, tumempa mama. Kwa kuwa yeye hulala nazo, tumempitishia waya juu ya sikio na kuubana kwenye ukosi kwa kibanio cha nguo, ili akigeuka mvuto usifike kwenye ganda. Alipoulizwa zinasikikaje, alijibu kwamba alikuwa amesahau kuwa msomaji yule ana sauti ya pande mbili.

Kwa wafanyabiashara wetu tuna ombi moja. Wanazijua wazi zile zinazorudishwa kila wiki. Mnunuzi ana haki ya kuelezwa aibu ya bidhaa kabla hajatoa fedha yake, hata kama bidhaa ni ya elfu nne. Kwa wazazi, fundi amekubali kuja Jumamosi baada ya Alasiri kuwafundisha vijana wakubwa wa madrasa kuunguza vanishi na kulehemu pini. Pini mpya na risasi zitakuwepo. Kila kijana aje na spika zake zilizokufa.