Miraba 64 ya Joto

Nilipokuwa najifunza ufundi wa umeme, joto tulilipima kwa mgongo wa kiganja. Mzee aliyenifundisha alizima swichi kuu, akagusa breka moja baada ya nyingine, kisha akaniita: "Njoo hapa, mwanangu. Pana joto: skrubu hii imelegea." Kamera za joto tulizisikia tu. Bei yake haikuwa ya karakana kama yetu.

Bodi ya majaribio ya kwanza kufika mezani kwangu ilibeba kihisi cha joto cha Panasonic, AMG8833. Ilihitaji nyaya nne tu: umeme, ardhi, na mbili za mawasiliano, SDA na SCL. Niliiunganisha na Arduino Uno, nikapakia programu, na kwenye skrini zikaanza kushuka safu nane za namba, kila safu namba nane. 27.25, 27.50, 27.25. Nilipopitisha mkono, namba za katikati zilipanda, zikahama pamoja na mkono wangu. Hapakuwa na picha wala rangi yoyote, lakini nilikuwa natazama miale ileile ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1800, alipoweka kipimajoto nje ya ukingo mwekundu wa mwanga uliopita kwenye prizimu. Furaha niliyoipata siku ile sijaisahau.

Kihisi kile kinatazama kwa pembe ya nyuzi 60. Ukipiga hesabu, kwa umbali wa mita moja kila namba inawakilisha mraba wa takribani sentimita 14 kila upande. Kichwa cha skrubu kinachochemka kinamezwa humo, joto lake likichanganywa kwa wastani na la ukuta uliopoa. Kwa kujua kama mtu yupo chumbani, kinafaa sana. Kwa sanduku la breka, hapana.

Ndipo ikaja bodi ya MLX90640 ya Melexis, yenye piseli 32 kwa 24, yaani 768. Hapa Uno ilifika mwisho wake. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2, na vipimo 768, kila kimoja kikichukua baiti nne, vinataka kilobaiti 3 hata kabla ya kusoma data za urekebishaji zilizohifadhiwa ndani ya kihisi. Tukahamia ESP32, yenye kumbukumbu kubwa zaidi. Toleo la lenzi nyembamba, la nyuzi 55 kwa 35, lilishusha kila piseli hadi sentimita tatu hivi kwa mita moja. Sasa breka zilionekana mojamoja, na tukaongeza rangi: buluu kwa ubaridi, njano kwa joto. Karakana nzima ilikusanyika.

Rangi zile ndizo zilizonitia wasiwasi. Kipande cha shaba kilichong'arishwa kilionekana baridi ilhali kilikuwa cha moto, kwa kuwa metali inayong'aa hutoa miale michache mno na huakisi joto la vilivyo mbele yake, akiwemo fundi mwenyewe. Kioo cha dirisha nacho hakipitishi miale hii. Unachopima ni kioo, si kilicho nyuma yake. Dawa ya shaba ni rahisi: zima umeme, bandika tepu nyeusi ya umeme, washa tena, kisha pima juu ya tepu.

Kwa hiyo vijana ninaowafundisha leo hawaanzi na picha. Wanaanza na jedwali la namba la AMG8833, kwa sababu namba hulazimisha mtu kuuliza zimetoka wapi, na picha nzuri humfanya aamini upesi. Baadaye wanapewa MLX90640, wanaiacha iwake dakika kadhaa itulie, ndipo wanaelekeza kwenye breka zinazobeba mzigo unaolingana, wamesimama mbali na nyaya. Hatugombanii kama ni nyuzi 48 au 50. Tunachotafuta ni tofauti kati ya breka na jirani zake, na inapokuwa kubwa, umeme unazimwa na bisibisi inachukuliwa.