Morogoro ya Mbaraka

Mwanangu, ninyi mmemkuta Mbaraka Mwinshehe ni sauti ya Jumapili mchana, katika zile nyimbo za zamani zinazopigwa redioni wakati wali unapakuliwa. Sisi tulimkuta kijana mwenzetu, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Kabla watu hawajaanza kumwita gwiji, alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya mji mdogo, na mji wenyewe ulikuwa umegawanyika pande mbili kama Simba na Yanga. Ngoja nikusimulie habari za mji huo, kwa sababu ndio uliompika.

Morogoro ya mwishoni mwa miaka ya 60 ilikuwa mji wa mkonge, reli na wapita njia. Ukishuka stesheni jioni ulipokewa na moshi wa mishikaki, harufu ya ndizi za Uluguru zilizoiva kupita kiasi, na udongo ulioonja mvua. Ndani ya mji huo ziliishi bendi mbili ambazo hata Dar es Salaam ilizionea wivu: Morogoro Jazz na Cuban Marimba. Cuban ilikuwa ya Salum Abdallah hadi alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, kisha Juma Kilaza akaishika. Mwaka huohuo Mbaraka, aliyezaliwa 1944, aliingia Morogoro Jazz. Tangu hapo ukikutana na mtu ulijua upande wake kabla hujamjua jina. Mama yangu mdogo alikuwa Cuban, mumewe Jazz, na wiki ya dansi kubwa walikuwa wakila chakula kimyakimya.

Mimi nilikuwa nikijifunza ufundi wa redio kwa mzee mmoja, kwenye baraza iliyonuka risasi ya kuchomelea na gundi. Spika za bendi zote mbili zikipasuka zililetwa kwetu, nami nilizibandika kwa karatasi ya mfuko wa saruji, kazi ambayo leo ungeicheka, lakini ilitoa sauti. Ujira wangu mkubwa ulikuwa kuingia ukumbini bure kuangalia kama kiraka kimeshika. Wenzangu walitoa shilingi tano mlangoni, na kwa bachela wa siku zile hizo zilikuwa chakula cha siku mbili. Wasichana walinukia poda na mafuta ya nazi. Wavulana walivaa suruali za bugaluu kwa tahadhari, maana Vijana wa TANU walikuwa wamekwisha kutangaza vita na mavazi ya namna hiyo.

Nilikaa nyuma ya spika, hatua chache kutoka kwa Mbaraka. Hakuwa mtu wa madoido. Alisimama wima, macho yakitazama watu si nyuzi, na kila alipomaliza mstari wa kuimba gitaa lilimjibu kwa maneno mawili matatu, kana kwamba linamkubalia. Kisha waimbaji wakirudi nyuma, tumba zikikaza na mdomo wa bata, yaani saksafoni, ukishika zamu yake, ndipo alipoanza kazi yenyewe. Alichukua kipande kifupi cha solo akakirudia, akakirudia tena, akakigeuza kidogo mwishoni, mpaka unamwona mkata tiketi ameacha mlango na sanduku la fedha, yupo katikati ya ukumbi anacheza peke yake. Wanaomsifu kwa sauti tu, na sauti alikuwa nayo, wamesikia nusu ya habari.

Nyimbo zake zilikuwa gazeti letu. Alipokwenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka ya 1970, alirudi na wimbo wa Expo 70, na watu ambao hawajafika hata Dodoma walizungumza habari za Osaka kwenye foleni ya bomba. Dakta Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa siku ya Krismasi ya 1971, maombolezo yake pia tuliyapata kwa gitaa la Mbaraka. Mapenzi, fedha, masimango, ulevi, vyote aliviimba bila kumhubiria mtu. Alisimulia tu, akakuacha ujitazame.

Mwaka 1973 alitoka Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano. Mji ulinuna. Kuna wazee walioacha kabisa kwenda dansini, na sababu zilizotajwa barazani zilikuwa nyingi kuliko wasemaji. Mimi naona alitoka kwa sababu alikuwa amekua kuliko bendi, basi. Hatukuwa na kiwanda cha santuri nchini. Mwanamuziki alirekodi Redio Tanzania kwa ujira mdogo, na aliyetaka santuri aliitazama Nairobi. Huko ndiko wimbo wa Shida ulikompaisha, hata Wakenya wakamfanya wao. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, siasa ziligombana lakini santuri zake ziliendelea kuzunguka upande ule kama kawaida.

Januari 1979 masikio ya nchi nzima yalikuwa Kagera. Betri zilikuwa adimu. Tulizianika juani ili zivute taarifa ya habari moja zaidi ya vita. Katika siku hizo hizo, ilikuja habari kwamba Mbaraka amefariki Mombasa kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 34. Barabara ilimchukua kama ilivyomchukua Salum Abdallah wa bendi hasimu, na jioni ile nilimwona mama yangu mdogo, Cuban wa kufa na kuzikana, amekaa na mumewe mkekani, redio katikati yao, hakuna aliyemtania mwenzake.

Basi ukitaka kumuenzi, mwanangu, usiniletee simu yenye dakika moja ya wimbo wake. Watangazaji wa leo wana tabia ya kuukata wimbo maneno yakiisha, hapohapo gitaa linapoanza kuchemka. Huko ni kumkata Mbaraka mwenyewe. Uache ufike mwisho.