Wilbaro Moja Ina Vitu Vingapi?

Juu ya mlango wa stoo niliyoisimamia Kisaju, mwenye karakana alikuwa amepaka methali kwa rangi nyekundu: Mali bila daftari hupotea bila habari. Aliiamini kabisa. Kila boksi la bolti lililoingia liliandikwa, kila wilbaro iliyotoka iliandikwa, na bado ikifika mwisho wa mwezi mali ilikuwa imepungua, daftari likiwa wazi mezani. Ilichukua muda tukajua kasoro iko wapi. Daftari lilijua kilichoingia na kilichotoka. Halikujua kile kilichoingia kiligeukaje kikawa kile kilichotoka. Hilo lilijulikana na mtu mmoja tu, fundi mkuu, na alikuwa nalo kichwani.

Kisaju iko kwenye barabara ya Namanga, ukishapita Kitengela na kabla hujafika Isinya. Shamba la pamoja la Kitengela liligawanywa mwaka 1988, na tangu hapo malisho ya eneo hili yamekuwa yakikatwa na kuuzwa, mpaka ploti za hamsini kwa mia zikajaa kando zote za lami. Palipo na ploti pana msingi wa kuchimbwa, na palipo na msingi kuna mchanga, kokoto na saruji ya kusukumwa. Biashara yetu iliota hapo. Mabomba na mabati tulinunua Industrial Area ya Nairobi, bolti na nati Barabara ya Kirinyaga, magurudumu kwa waagizaji wa bidhaa za China. Kisaju tulikata, tukakunja, tukachomelea, tukapaka rangi na kuunganisha.

Siku hizo, oda kubwa ikija, bosi alimwita fundi mkuu na kumuuliza, "Mzee, tununue nini?" Mzee aliangalia dari kidogo, halafu akasema: mabomba hamsini, maboksi matatu ya bolti, rangi makopo manne. Hakupima, kama vile mama asivyopima unga wa ugali, na mara nyingi hakukosea. Shida ilianza akienda kwao Machakos kwa matanga. Kazi ilisimama, au ilifanywa na vijana kwa namna yao, na mimi nikabaki na stoo iliyoishiwa na washa lakini imejaa bolti.

Mwisho wa mwaka 2020 wilbaro iliingia kwenye siasa. Chama cha UDA kilipoifanya alama yake, zikawa zinagawiwa vijana mikutanoni na kuchorwa kwenye magari, mpaka uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022. Sisi hatukuwa na chama, tulikuwa na oda. Zilikuja nyingi, za haraka, kila moja na tarehe yake. Kukosa bolti kumi kulimaanisha safari nyingine ya Nairobi na nauli juu, huku mteja akipiga simu kila saa. Kumbukumbu ya Mzee ilikuwa imefundishwa na oda za wilbaro ishirini. Kwa mia tatu ilianza kuteleza.

Binti wa bosi, aliyekuwa akisomea uhasibu, ndiye aliyependekeza tuandike orodha ya vifaa kwenye Excel. Tuliweka wilbaro moja juu ya gunia, tukaifungua nati kwa nati, naye akaandika: sanduku la bati, fremu, miguu miwili, gurudumu, ekseli, beringi mbili, vishikio viwili vya raba, bolti. Bolti ngapi? Mzee akasema kumi. Kijana aliyekuwa akichomelea akasema nane, ndivyo alivyokuwa akifunga siku zote. Kumbe tulikuwa tukiuza wilbaro mbili tofauti kwa bei moja. Mabishano yale yalichukua muda mrefu kuliko kuandika orodha yenyewe, na ndiyo yaliyokuwa na faida. Zilipokubaliwa kumi, kwa mara ya kwanza karakana nzima ilikuwa inatengeneza kitu kimoja.

Excel ilitusaidia, kisha ikatuchosha. Nakala moja ilikaa kwenye flashi ya bosi, nyingine WhatsApp, nyingine kwenye kompyuta ya stoo, na kila moja ilikuwa na tairi ya aina yake. Ndipo tukatafuta programu. Zipo za chanzo huria ambazo karakana ndogo inaweza kuzimudu, kama Odoo iliyoanzia Ubelgiji na ERPNext ya India. Wazo linaloziendesha ni la zamani. Joseph Orlicky alilifanyia kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika kampuni ya matrekta ya J. I. Case huko Marekani, na mwaka 1975 akaliandikia kitabu. Kiini chake ni kwamba mahitaji ya wilbaro mtu anaweza kuyabahatisha, lakini mahitaji ya magurudumu hayabahatishwi, yanahesabiwa. Ukijua wilbaro ngapi zimeagizwa, orodha inakuambia magurudumu mangapi. Na kwa kuwa gurudumu nalo lina orodha yake ya rimu, tairi na tyubu, hesabu inashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye kitu unachokinunua dukani.

Kwenye programu tuliyoichagua ndipo nilipokaribia kuitwa mwizi. Kipande kirefu cha fremu yetu kilikuwa mita 2.75, na orodha iliandikwa hivyo. Kwa wilbaro mia, programu ilipiga hesabu ya mita 275, yaani mabomba yasiyofika 46 ya mita sita. Stoo ilikuwa imetoa 50. Bosi alinitazama bila kusema neno. Mzee ndiye aliyechukua kanda ya kupimia, akalaza bomba chini, akakata mara mbili, akainua kipande cha nusu mita kilichobaki. "Hiki utakifanyia nini?" akamuuliza bosi. Bomba moja linatoa fremu mbili, basi. Baki lake halitoi ya tatu. Tangu siku hiyo orodha yetu inasema nusu bomba kwa kila wilbaro, si mita 2.75, na vipande vya nusu mita vina mstari wao, maana tulianza kuvitumia kwa vikaza miguu.

Orodha ilipokuwa sahihi, bei nayo ikaacha kuwa ya kukisia. Shilingi iliporomoka mwaka 2023, na Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, kabla ya kurudi karibu na 130 katikati ya mwaka huo. Kila mzigo wa magurudumu ulikuja na bei mpya. Tulibadilisha bei ya tairi mahali pamoja tu, na gharama ya wilbaro nzima ikajipanga upya. Mwezi huohuo wa Januari, mamlaka ya kodi, KRA, ilianza kukataa gharama za biashara zisizo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS, isipokuwa chache zilizosamehewa. Orodha ikatuonyesha upesi vitu tulivyozoea kununua kwenye hadiwea za kando ya barabara bila ankara, na ikabidi tubadilishe wauzaji wa baadhi yavyo.

Mzee aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Kilichomfanya asiguswe kwa miaka mingi kilikuwa sasa kwenye skrini, na kijana wa mwezi mmoja angeweza kukisoma. Bosi alimpa jukumu la kuidhinisha: hakuna mstari wa orodha unaobadilishwa kabla yeye hajashika kifaa mkononi na kukubali. Mshahara wake haukupungua, na siku za kwenda Machakos zikaongezeka, kwa kuwa kazi haikusimama tena akiondoka.

Siku hizi wenye karakana za Kitengela huniuliza wanunue programu gani. Mimi huwauliza kwanza kama mafundi wao wanakubaliana idadi ya bolti. Kama hawakubaliani, gunia moja na spana vinatosha kwa kuanzia, na hiyo kazi hakuna programu itakayowafanyia.