Tezi za Baba zilikuwa safi, lakini zilihesabiwa ngapi?

Baba alipofanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, nyumbani tulikuwa tunangoja neno moja tu: imesambaa au haijasambaa? Majibu ya maabara yalipotoka, shangazi ndiye aliyetangulia kuandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Tumshukuru Mungu, tezi zote safi." Hatua ya pili. Watu wakaanza kupanga nauli ya kumrudisha Baba kijijini akapumzike.

Daktari aliyempasua hakushangilia. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja wa ile karatasi: tezi zilizochunguzwa, 6, zenye saratani, 0.

"Mzee, sita ni chache," alimwambia Baba. "Tunataka angalau 12."

Nilimwomba anieleweshe polepole. Tezi za limfu ni zilezile ambazo zikivimba kinenani tunaziita mtoki. Za utumbo zimejificha ndani ya mafuta yanayoushikilia. Seli za saratani zikitoroka kwenye uvimbe, mara nyingi hutua hapo kwanza. Ndiyo maana daktari hakati uvimbe peke yake, anaondoa kipande cha utumbo pamoja na mafuta yake. Kisha kazi inahamia maabara. Mtaalamu wa patholojia anayapapasa na kuyakata yale mafuta kidogo kidogo kwa mkono, akitafuta vipunje ambavyo vingine ni vidogo kama punje ya mchele. Kila anachokipata hukatwa vipande vyembamba, hupakwa rangi na kuangaliwa kwa hadubini. Ni kazi ya subira, na kipunje kidogo nacho kinaweza kuwa na saratani.

Anayechagua maharage atanielewa: usipoona mdudu kwenye kiganja kimoja, huwezi kuapa kuwa gunia zima halina.

Mpaka huu ni wa zamani. Mwaka 1932 Cuthbert Dukes, mtaalamu wa patholojia wa hospitali ya St Mark's, London, aliigawa saratani ya puru katika makundi A, B na C, na C ndiyo iliyofika kwenye tezi. Leo, hata tezi moja ikiwa na saratani, na ugonjwa haujafika mbali kama kwenye ini au mapafu, mgonjwa yuko hatua ya tatu, na kwa kawaida hushauriwa kutumia dawa za saratani baada ya upasuaji. Katika hatua ya pili, wengine hufuatiliwa tu bila dawa hizo. Kwa hiyo ukiambiwa tezi ni safi, uliza ni ngapi zilizoangaliwa. Omba karatasi yenyewe uisome.

Uchache wake si lazima uwe uzembe wa mtu. Miili hutofautiana, na mgonjwa wa saratani ya puru aliyepigwa mionzi kabla ya upasuaji tezi zake husinyaa.

Kipande cha Baba kilikuwa bado kwenye formalini, hivyo daktari akaomba maabara watafute tena. Baba hakuhitaji kukatwa tena. Hata hivyo, shangazi alikasirika. "Mwanangu, ugonjwa mnautafuta kwa tochi?" Kusema kweli, wengi kwenye kundi walikuwa upande wake. Baba ndiye aliyemaliza ubishi: "Kama upo, niujue nikiwa bado na nguvu."

Zilipatikana tezi nyingine 9. Mbili zilikuwa na saratani.

Baba alianza dawa wiki ya saba baada ya upasuaji, dripu kila baada ya wiki 3 na vidonge vya kumeza nyumbani. Maji ya baridi yalimchoma vidole kama miiba, hata kufungua friji tukamkataza. Shangazi alihamia kwetu, akawa anampashia maji ya kunawa na kunywa mpaka dozi ya mwisho.

Sasa Baba anahudhuria kliniki. Sisi watoto wake wanne tumeandikiwa kupimwa utumbo kwa kamera, kwa kuwa mzazi akiwa na saratani hii hatari ya watoto hupanda. Wawili tumeshapima. Kaka mkubwa anasema ana kazi nyingi, na shangazi ameanza kumpigia simu kila Jumapili.