Gurudumu Lisilo na Upepo

Mwiba wa mgunga ni kitu kidogo. Mtoto huuchomoa unyayoni akaendelea na mchezo wake. Lakini mwiba kama huo, ulipoingia katika gurudumu la kiti cha umeme cha mwalimu mmoja mstaafu wa Dodoma, ulimweka kando ya njia tangu alasiri hata magharibi. Mpanda baiskeli akipata pancha hushuka akaikokota. Mwalimu hakuwa na miguu ya kushukia, na kiti pamoja na betri zake kilikuwa mzigo wa watu wanne. Wapita njia walikuwa wema: walimpa maji, wakampa pole. Kilichomuuma ni kwamba saa ya kurudi nyumbani kwake ilikuwa mikononi mwa wengine.

Baada ya pancha ya tatu alimwita fundi, akataka mipira isiyo na upepo.

“Shikamoo, Mwalimu. Mipira hii haitoboki, lakini itakutikisa.”

“Marahaba, mwanangu. Heri nitikisike nikienda kuliko nitulie nimekwama.”

Rimu za kiti kile zilikuwa nusu mbili zilizofungwa kwa bolti. Fundi hakugusa bolti hata moja kabla ya kutoa upepo wote, kwa kuwa upepo ukisalia ndani huweza kuzifyatua nusu hizo zikamjeruhi mtu. Akatoa tyubu, akapaka maji ya sabuni ndani ya tairi, akashindilia mpira mgumu mahali pa tyubu. Kuzikutanisha tena nusu za rimu ndiko kulikomtoa jasho, maana mpira ule haukubali kubonyea. Alizibana kwa vibano, akakaza bolti kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, hata zikakutana.

Ajabu ya kazi hii ni kwamba ilirudi nyuma zaidi ya miaka mia moja. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alitia upepo katika magurudumu ya baiskeli ya mwanawe ya miguu mitatu, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1888. Robert William Thomson alikuwa amemtangulia kwa hati yake ya mwaka 1845. Wote wawili walitaka kuondoa adha ya gurudumu gumu. Upepo hubonyea penye jiwe, ukalimeza pigo kabla halijafika mgongoni. Mwalimu aliyajua hayo, na pengine aliwahi kuyafundisha. Hata hivyo alichagua pigo. Kumwita mkaidi ni rahisi kwa mtu awezaye kushuka na kutembea.

Njia ya changarawe ilimlipiza. Kiuno kilimuuma, akanunua mto mnene na kupunguza mwendo. Mtikisiko ulilegeza nati, na siku moja kikanyagio cha miguu kilidondoka mbele ya duka la unga.

Sasa kila Ijumaa jioni fundi hupita na spana yake kukaza kilicholegea. Mara nyingine hulazimika kungoja barazani, kwa sababu mwenye kiti bado hajarudi kutoka sokoni.