Paka Alipomwuma Mtoto, Sisi Tulibishana



Wengi wenu mlisikia habari ya paka wa kartie yetu, na kila mtu aliisikia kwa namna yake. Tumeona ni vizuri tuieleze sisi wenyewe tuliokuwepo, pamoja na kosa letu, ili nyumba nyingine isilirudie.

Hapa Kabambare paka hafugwi kwa kupendeza tu. Mwenye mpunga ndani na karanga kwenye magunia anajua: pasipo paka, panya ndiye anayekula kwanza. Kwa hiyo paka walipoanza kufa kiangazi kilichopita, kila nyumba ilishtuka. Walianza wadogo. Katika juma moja walikufa watatu, katika nyumba zinazopakana. Walitapika, wakahara, wakakaa vichwa vimeinama karibu na sahani ya maji bila kunywa. Wengine walisema ni sumu ya panya. Wengine walisema kuna mtu anatuchezea kwa uchawi. Kijana mmoja aliyetoka safarini akasema paka nao wana sida yao, na watoto wanaolala nao wataipata. Neno hilo lilitisha kuliko yote. Jioni ileile watoto walikuwa wakifukuza paka kwa mawe.

Siku mbili baadaye, dume mmoja mkubwa na mpole, aliyezoea kulala jikoni kwa jirani yetu, alikataa chakula na kujificha chini ya kitanda. Mtoto wa miaka 7 akaingiza mkono ampe kichwa cha samaki. Paka akamwuma kidole gumba, meno yakaingia ndani. Damu ilitoka kidogo tu.

Hapo ndipo tulipokosea. Bibi mmoja alileta jiwe nyeusi, lile watu wanalobandika mahali nyoka alipouma, akalifunga juu ya kidole. Kisha tukakaa uani, wamama sita na baba wawili, tukabishana. Ni sumu? Ni ule ugonjwa wa paka wadogo? Ni sida ya paka? Ni kichaa cha mbwa, ambacho wengine wanaita raje? Kila mmoja alikuwa na hoja yake, na giza likatukuta palepale. Mtoto akalala na jiwe lake. Hakuna hata mmoja wetu, hata sisi tunaofundisha usafi darasani kila juma, aliyechukua sabuni.

Asubuhi tulimpeleka kituo cha afya. Tulianza kumweleza muuguzi mabishano yetu yote. Yeye aliuliza jambo moja: "Kidonda kimeoshwa saa ngapi?" Tukatazama chini. Akatoa lile jiwe, akaagiza maji na sabuni, akaosha kidole chini ya maji yanayomiminwa, akitazama saa yake mpaka dakika 15 zikatimia. Alisema kuosha kwa kuchelewa ni bora kuliko kutoosha, lakini saa ya kuosha ilikuwa jana. Virusi vya kichaa cha mbwa vinakaa katika mate ya mnyama, navyo vinaingia kwa njia ya kidonda. Sabuni na maji vinavitoa na kuviua pale vilipoingilia. Jiwe, majivu, pilipili au mafuta ya taa haviwezi kazi hiyo.

Baadaye alitufafanulia yale tuliyobishania, na sisi tukaendelea kusoma. Tunawaandikia tuliyojifunza, kwa sababu paka wako katika nyumba zenu pia.

Ugonjwa unaoua paka wadogo kwa kutapika na kuhara mara nyingi ni virusi vilivyo ndugu ya vile vinavyoua watoto wa mbwa kwa kuhara damu. Vinaangusha chembe nyeupe za damu, zile askari za mwili, ndiyo maana paka anakwisha kwa siku chache. Virusi hivyo vinaweza kukaa mahali hata mwaka mzima, lakini maji ya javeli yanaviua. Binadamu havimpati.

Ile inayoitwa sida ya paka ipo kweli. Virusi vyake viligunduliwa Marekani, katika mji wa Petaluma, California, mwaka 1986. Madume wanaambukizana kwa kuumana wanapopigana. Vinafanana na virusi vya sida ya watu, lakini si vilevile, na mtu havimpati, hata akiumwa. Vipo pia virusi vinavyoleta saratani ya damu kwa paka, ambavyo William Jarrett na wenzake walivipata Glasgow, huko Scotland, mwaka 1964. Hivyo navyo ni vya paka. Mahali penye daktari wa wanyama aliye na vifaa, magonjwa haya mawili yanapimwa kwa tone la damu, na jibu linatoka kwa dakika kama 10. Hata hivyo jibu moja halitoshi kila mara. Paka mdogo asiyetimiza miezi 6 anaweza kuonekana ana ile sida, kumbe alama iliyoonekana katika damu ni kinga aliyopewa na mama yake. Inabidi apimwe tena baadaye.

Kwa hiyo katika magonjwa yote tuliyoyataja uani, moja tu lilikuwa la kumwua mtoto: kichaa cha mbwa. Na hilo ndilo lisilopimika kwa tone la damu ya paka aliye hai. Mwaka 1903 Mwitaliano Adelchi Negri aliona kwa hadubini alama za ugonjwa huu ndani ya ubongo wa mnyama aliyekufa. Tangu mwaka 1958 kuna kipimo bora zaidi, ambacho kinafanya virusi ving'ae vinapotazamwa. Lakini mpaka leo ni ubongo unaopimwa, maana yake mnyama amekwisha kufa.

Kwa paka aliye hai, kipimo chetu ni macho na siku 10. Paka mwenye virusi hivi katika mate wakati anapouma ataugua wazi na kufa kabla siku hizo hazijaisha. Akifika siku ya 10 akiwa mzima, anakula na kutembea vizuri, basi siku ile alipouma hakuwa na virusi katika mate. Dalili za kuangalia ni tabia kubadilika: mpole anakuwa mkali, au mwoga anamkaribia kila mtu, anauma bila kuchokozwa, mate yanamtoka, sauti inabadilika, miguu ya nyuma inalegea.

Ndiyo maana muuguzi alitukataza kumwua yule dume. Baba mmoja alikuwa tayari na fimbo. "Msimwue," muuguzi alisema. "Paka aliye hai ndiye shahidi wenu." Tulimfunika kwa tenga la kuku, tukaweka jiwe zito juu, tukamsukumia chakula kwa kijiti bila kumgusa.

Lakini alituonya tusikae tukingojea siku 10 bila kufanya kitu. Chanjo inaanza mara moja. Mnyama akiwa mzima siku ya 10, chanjo inaweza kusimamishwa. Ugonjwa huu ukishaanza kwa mtu, karibu kila mara anakufa. Na unaweza kujificha miezi miwili au mitatu, pengine zaidi, kabla ya kuonekana. Chanjo ina nguvu katika muda huo wa kujificha tu.

Chanjo haikuwepo karibu. Ilibidi mtoto apelekwe kwa pikipiki mpaka mji ilikopatikana, na pesa ya safari haikuwepo nyumbani kwao. Tukafungua sanduku la likelemba. Zamu ilikuwa ya mama mmoja aliyengojea kwa miezi kununua mabati ya nyumba yake. Alisema tu, "Mabati yatangoja." Mtoto akaondoka na baba yake mdogo, akakaa huko kwa shangazi yake ili asikose sindano: siku ya kwanza, kisha ya 3, kisha ya 7, na ya mwisho baada ya majuma mawili. Zilidungwa mkononi, si tumboni kama wazee wanavyosimulia.

Siku ya nne dume alikufa ndani ya tenga. Shahidi wetu akaondoka kabla ya kusema. Maabara zinazoweza kupima ubongo, kama zile za Kinshasa na Lubumbashi, ziko mbali, na kichwa kingepaswa kufika kikiwa kwenye barafu. Kwa barabara zetu hilo halikuwezekana. Tulimzika shimo refu, mikono ikiwa ndani ya mifuko ya plastiki, tukaosha mahali pote kwa javeli. Mtu asimchune paka wa namna hiyo, wala asimle.

Kwa hiyo mpaka leo hatujui dume yule alikufa kwa ugonjwa gani. Pengine hakikuwa kichaa hata kidogo. Lakini kwa sababu hakufika siku ya 10, mtoto alimaliza sindano zote. Amerudi darasani, kidole kina alama ndogo nyeupe. Mama yake alituambia kwamba kwa miezi mitatu alikuwa akiamka usiku na kumpa maji, ili aone kama anameza. Hofu hiyo sehemu yake ilikuwa mzigo wetu, kwa sababu ya ule usiku mmoja wa mabishano.

Wapendwa wamama, kujua jina la ugonjwa wa paka ni kazi ya daktari na maabara. Kazi yetu inatangulia, nayo haihitaji jina. Paka au mbwa akimwuma mtoto, au akimparuza mpaka damu itoke, osheni kwa sabuni na maji mengi dakika 15. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Mfungieni mnyama, msimwue. Mama mwenye mimba na anayenyonyesha naye anaruhusiwa kuchanjwa, asiogope. Na mwambieni kila mtoto kwamba mnyama mgonjwa aliyejificha haguswi, hata kama ni wetu.

Tena tukumbuke kwamba paka hupata kichaa hiki hasa kwa mbwa. Katika kisiwa cha Pemba, huko Zanzibar, walichanja mbwa mara kwa mara mpaka ugonjwa ukatoweka. Ulipoletwa tena kutoka nje, wakachanja tena, ukaondoka. Kikundi chetu kimeamua kumwomba mkaguzi wa mifugo atufikirie kabla ya tarehe 28 Septemba, siku ambayo dunia inakumbuka ugonjwa huu. Kila mama mwenye mbwa au paka alete idadi yao katika mkutano ujao. Na tumeanza kuweka pembeni kidogo katika kila zamu ya likelemba, ili siku nyingine mabati ya mtu yasilazimike kungoja.