Mashairi Yetu na Matingatinga

Mama mwenye ploti tulimwambia kwamba sisi ni chama, na hatukumdanganya. Kila aliyefika alitoa shilingi hamsini, jina lake la utani likaandikwa, na mmoja wetu akapokea mchango wa siku hiyo. Pesa zikishahesabiwa, mlango ulifungwa kwa ndani, na hapo ndipo madaftari mengine yalipotoka mifukoni. Ilikuwa Mashimoni, Kibera, mwaka 2013.

Tulikuwa mashoga na wasagaji, na wengine wasiotaka kuitwa jina lolote. Tulisoma tulichoandika. Msichana wa Makina aliyeuza mitumba soko la Toi alisoma barua kwa mpenzi wake aliyekuwa ameolewa Busia. Fundi wa simu kutoka Kawangware, aliyeshika Naivasha Road kwa miguu hadi Dagoretti Corner ili kuokoa nauli, alikuwa na tamthilia isiyokwisha. Kila akija ameua mhusika mmoja na kumfufua mwingine. Lugha ilikuwa Sheng, kwa sehemu kubwa, na Kiluo au Kiluhya maneno yakizidi uchungu. Sauti zilikuwa za chini. Mabati hayana siri.

Wenzetu wengine walikuwa na jukwaa la wazi. Mashirika ya afya yalilipa vijana waigize michezo ya ukimwi na ya kupanga uzazi pale Kamukunji ya Kibera, na miongoni mwa waigizaji walikuwamo watu wetu. Mmoja alikuwa bingwa wa kuigiza mama mkwe. Akifunga leso na kuanza kutembea, watu walicheka hadi wakashika mbavu, na akina mama wakamtunza sarafu. Jioni akipita mbele ya vibanda vile vile kwa mwendo ule ule, bila leso, waliomtunza ndio waliomtukana. Alilileta jambo hilo Mashimoni likiwa shairi. Hakuna aliyesema kitu kwa muda, kisha tukamwomba alisome tena.

Januari 2014 Binyavanga Wainaina, mwanzilishi wa jarida la Kwani?, alitoa insha ya kumwambia mama yake, aliyekuwa amekwisha kufa, kwamba mwanawe ni shoga. Tuliisoma kwenye simu moja, tukipokezana. Kelele zilizofuata redioni zilitufundisha kwamba mtu anaweza kusema na asife. Lakini pia tuliona kwamba aliyesema alikuwa na tuzo ya fasihi ya Caine, marafiki katika miji mikubwa ya dunia, na mahali pa kulala mwenye nyumba akikasirika.

Mwezi uliofuata, tarehe 24 Februari, Rais Museveni wa Uganda alitia saini sheria dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Waganda wakaanza kuingia Nairobi, na baadhi yao wakapanga Kawangware, watu wengi katika chumba kimoja. Chama kikawa na tawi. Wao walikuja na nyimbo za Kiganda na ujasiri wa kujiita makuchu, jina lao la watu kama sisi, kwa sauti, jambo lililotutia hofu na raha kwa pamoja. Mahakama ya kwao iliibatilisha sheria hiyo Agosti 1, lakini waliokimbia hawakurudi kwa urahisi. Walihama ploti hadi ploti, wengine wakapelekwa kambi ya Kakuma, na madaftari yao yakaenda nao au yakabaki kwa majirani wasioyajua.

Mwaka huo huo wasanii wa The Nest Collective walitoa filamu ya Stories of Our Lives, hadithi tano zilizotokana na maisha ya kweli, kwa picha zisizo na rangi. Ilipoonyeshwa Toronto mwezi Septemba, wengi wa walioitengeneza hawakutaja majina yao. Oktoba ikapigwa marufuku Kenya, na mtayarishaji wake, George Gachara, akakamatwa kwa madai ya kurekodi bila leseni. Sisi tukaongeza tahadhari. Ukishasoma, chana, au tia kwenye lile sanduku la bati la shule lililokaa chini ya kitanda pale Mashimoni. Wenzetu wa The Nest walificha majina wakahifadhi maneno. Mwaka 2015 walitoa hata kitabu. Huku kwetu majina na maneno vilijificha mahali pamoja.

Tuliwaogopa polisi, tukawaogopa wahubiri, tukaogopa vijana wa mtaa. Hakuna kati yao aliyetupata. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kupasua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Watu wapatao 30,000 walibomolewa makao. Chumba chetu kilikwenda, na sanduku likaenda nacho. Aliyeendesha tingatinga hakujua wala hangejali kilichoandikwa mle ndani. Katika ploti hiyo hiyo majirani walipoteza vyeti vya kuzaliwa, picha za harusi, madaftari ya watoto, na mama mwenye ploti akapoteza kitabu cha kodi. Siku hiyo tulifanana na majirani kuliko siku nyingine yoyote. Ndiyo maana siwezi kukubali hadithi nyepesi kwamba chuki peke yake ndiyo iliyotunyamazisha. Chuki ilitufanya tufiche. Kukosa mahali petu ndiko kulikotufuta.

Miezi miwili baadaye Jaji Wilfrida Okwany aliondoa kwa siku 7 marufuku ya Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu iliyokuwa imeonyeshwa Cannes mwezi Mei, ili ipate sifa ya kushindania Oscar. Ilionyeshwa Prestige, pale Ngong Road, na ukumbi ukajaa. Kutoka Mashimoni hadi pale unafika kwa miguu. Tulikwenda, tukiwa tumepoteza kila kitu, tukatazama wasichana wawili wakipendana kwenye mtaa unaofanana na wetu. Hadithi ile ilitoka kwa Monica Arac de Nyeko wa Uganda, aliyeshinda tuzo ya Caine mwaka 2007. Kwa kuwa ilichapishwa na kutunzwa, miaka 11 baadaye ilikuwepo ya kutengenezewa filamu. Nilifurahi, kisha nikafikiria sanduku la bati.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbele na nyuma. Mei 2019 Binyavanga alifariki, na siku tatu baada ya kifo chake Mahakama Kuu ikakataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya jinai, vinavyoharamisha mapenzi yetu. Februari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba watu wetu wana haki ya kusajili shirika. Kwa hiyo leo chama chetu kingeweza kwenda kusajiliwa kwa jina lake la kweli, ila hakuna chama. Vituo vya kinga ya virusi vya ukimwi, ambavyo kwa wengi vilikuwa pia ukumbi wa bure wa kukutania, viliyumba na vingine vikafungwa baada ya Marekani kusimamisha misaada Januari 2025. Usiku wa mashairi upo Kilimani na Westlands, na ni mzuri, lakini ukiisha saa nne mtu wa Gatina kule Kawangware au Laini Saba kule Kibera huhesabu nauli na usalama wa njia kabla ya kupiga makofi.

Historia ya fasihi yetu itakapoandikwa, itakuwa na majina ya waliokuwa na anwani. Wanastahili. Lakini itakosa tamthilia ya yule fundi, na barua ya Toi. Shairi la mama mkwe nalikumbuka mwanzo tu. Mwenyewe yuko ughaibuni, na ameniambia kwamba yeye pia anakumbuka mwanzo tu.

Vijana wa sasa huandikia kwenye simu, na hunicheka ninapowasihi watoe nakala na kuipeleka kwa mtu wanayemwamini aliye mbali na mtaa. Kila kitu kiko hewani, wanasema. Hewani nako ni ploti ya mtu, na mwenye ploti hiyo hatumjui hata kwa sura.